Pakiti ya Kijani Juu ya Ruta

Gari la taka likiingia mtaa ule wa nyuma ya hekalu huja likipiga kinanda kama bwana harusi, na kila mwanamke hutoka na mfuko wake mkononi. Habari nyingi za Tainan, mji huu wa kusini mwa kisiwa, huzaliwa hapo, kwenye harufu. Bibi Siok-kin, mwenye duka la tambi za samaki mkunga, hakuwa anatoka kwa ajili ya taka peke yake. Alitoka ili apate kumtazama Bi-chu vibaya. Alimtazama vibaya kila jioni, isipokuwa Jumatano na Jumapili, maana siku hizo gari haliji.

Bi-chu alikuwa mkono wake wa kulia kwa miaka tisa. Ndiye aliyekuwa anaichuna ile mikunga ya matope inayoteleza kama ulimi wa mwongo, akaipasua, akaikata vipande, akaosha na karai. Mwaka wa kumi ulipobisha hodi, akavua aproni, akaitundika msumarini, akavuka barabara. Hatua kumi na mbili tu. Akafungua duka lake uso kwa uso na duka la bibi, na kibao chake kikasomeka vilevile: Tambi za Mkunga.

Miezi ya mwanzo Siok-kin alilala usingizi mtamu, kwa sababu mchuzi wa Bi-chu ulikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Mkunga alijua kumkata, tambi alijua kuzikaanga, lakini mchuzi haukumtii. Wateja walivuka mara moja, wakarudi wamenyamaza kama watu waliotoka kwa mchumba mbaya. Kisha ukaja mwaka mpya wa mwezi, watu wakala, wakapumzika, na duka la Bi-chu lilipofunguliwa tena mchuzi wake ulikuwa umebadilika. Wapiga ngoma wa hekalu walikuwa kumi na mmoja, na wote walikuwa wateja wa Siok-kin tangu wakiwa na meno yote. Sasa saba walikuwa wanavuka, huku wakijifanya wanatazama mawingu.

Mchuzi wenyewe ni siki nyeusi, sukari, na unga wa viazi vitamu wa kuufanya mzito. Hayo kila mtu anayajua. Asilolijua mtu ni kipande cha muwa kinachochomwa juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi na utamu uanze kulia povu, kisha kinatoswa ndani ya siki inayochemka. Siok-kin alirithi hilo kwa mama mkwe wake, mwanamke mkali aliyemfundisha siku tatu kabla ya kufa na bado akamwambia anakoroga kwa mkono mbaya. Siok-kin alipika siki hiyo kila baada ya siku mbili, saa nane mchana, duka likiwa limefungwa kati ya chakula cha mchana na cha jioni, mlango wa jikoni ukiwa na komeo. Makapi ya muwa aliyachoma kwenye lile pipa la kuchomea karatasi za sadaka kwa wazee waliotangulia. Hata kwenye mfuko wa taka hayakuingia.

Basi jioni moja ya Alhamisi, wanawake wako kwenye foleni, gari linapiga kinanda, Bi-chu akamgeukia bibi kwa sauti laini, ile ya mtu anayepaka sumu asali.

"Mama, leo muwa umeuunguza. Punguza moto kidogo. Macho yako si ya zamani."

Wanawake wawili wakacheka bila kujua wanachekea nini. Gari likapita, likaishia kwenye kona, na Siok-kin bado amesimama na mfuko wake mkononi, jambo ambalo halijawahi kutokea mtaani tangu gari lianze kupiga muziki. Maana ni kweli, mchana ule aliuunguza muwa. Na hakuna binadamu aliye hai aliyepaswa kujua kwamba kuna muwa.

Akalala juu ya jambo hilo kama mtu aliyelala juu ya kokoto. Asubuhi akaziba kila tundu la jikoni kwa matambara, akapandisha pazia la pili dirishani, akamfukuza paka wa hekalu kwa mwiko. Akawaza labda Bi-chu ana jini. Akawaza labda mama mkwe kaburini ameamua kuhama upande.

Na haikuwa habari ya mchuzi peke yake. Majira ya baridi yaliyopita Siok-kin aliteleza pale jikoni kwenye ute wa mkunga, akalala chini saa mbili nzima, akitukana dari, mpaka mteja mmoja mwenye njaa akavunja mlango. Mwanawe Bun-hiong, aliye mhandisi huko kaskazini, Hsinchu, akashuka na gari la moshi la mwendo kasi. Akafunga kamera juu ya kabati, kijidude chenye macho ya bundi, akasema atakuwa anamwangalia mama yake kwenye simu. Halafu akaweka sharti, na Bun-hiong akiweka sharti anakuwa mama yake mtupu: kamera ikizimika siku nzima, au duka likianza kumtesa, anakuja kumchukua, na karai linauzwa. Tayari alikuwa ameanza kuuliza kwenye simu mbona meza ni tupu siku hizi. Siok-kin alikuwa na miaka sabini na minne. Kukaa ghorofa ya kumi na tisa kwa mkwe anayechemsha kila kitu, hata samaki mzuri, aliona ni kuzikwa mapema.

Ijumaa hiyo asubuhi akaja A-Suat kula, kama alivyozoea. A-Suat alikuwa amefanya kazi kwenye nyumba ya mitambo ya simu miaka thelathini na mmoja, akastaafu na mafao yake, na mdomo wake haukustaafu. Siok-kin akamweleza yote, akiacha neno muwa, akisema tu "kile kitu."

A-Suat akatafuna mpaka mwisho. Akauliza nani anamwona akiwa jikoni.

Siok-kin akasema hakuna mtu, ni mwanawe tu kwenye kamera.

"Na nani mwingine?"

"Nimekwambia mwanangu."

"Dada Siok, mimi nimeunganisha simu za watu tangu wewe una kiuno. Kila mtu alidhani wako wawili kwenye waya." Akainuka, akaenda jikoni bila kukaribishwa.

Ruta ilikuwa juu ya friji, kile kisanduku cheusi cha kuleta intaneti, chenye masikio mawili, na juu yake imekaa ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi. Hiyo kila mwenye mashine anayo. Jina lenyewe la vitafunio vile ni kama kumwambia mtoto tulia, uwe na adabu, na mashine inayokaa nayo hutulia. Lazima iwe ya kijani, kwa maana taa ya kijani ni heri. Ya njano inailetea mashine mashaka, nyekundu ndiyo usiseme. Lazima isiwe imepitwa na tarehe. Na haifunguliwi, haliwi hata punje moja, hata mtu awe na njaa ya mbwa. A-Suat alipoiona aliinamisha kichwa kidogo kama anayemsalimu askari wa zamu. Kisha akaona kilichoandikwa juu yake kwa wino mweusi, herufi kubwa za kusomeka toka mlangoni.

"Hii ni nini?"

Siok-kin akasema ni neno la siri la ruta. Lile la kiwandani, ambalo chini ya kisanduku limeandikwa kwa herufi za sisimizi. Macho yake hayalioni, ndiyo maana liko hapo, mahali salama kuliko benki, kwa sababu hakuna mtu wa kisiwa hiki atakayethubutu kuigusa pakiti ya mashine.

"Kuigusa hapana. Kuisoma je?" A-Suat akakodoa macho. "Na huu si mwandiko wako. Wako unatambaa."

Hapo Siok-kin akaanza kufuta friji iliyokuwa safi. Kwa miaka tisa, kila pakiti ilipokaribia tarehe yake, alikuwa anamtuma Bi-chu dukani kununua mpya, na Bi-chu ndiye aliyekuwa ananakili neno la siri kwa mkono wake, kila mwaka, neno lilelile.

"Umeweka mlinzi mlangoni," A-Suat akasema, "ukamtundikia funguo shingoni, na aliyezitundika ni mwizi mwenyewe. Hongera."

Akakaa kwenye kigoda, akafungua simu, akaingia ndani ya ruta kama anayeingia kwake. Mlango wa ndani wa ruta, ule wa mwenye mali, nao ulikuwa na neno la kiwandani. Kamera ilikuwa na moja, mbili, tatu, nne. A-Suat akauliza kama kweli mtoto wa mtu huyu ni mhandisi. Akaambiwa ndiyo, wa vipande vya kompyuta. Akasema basi ndiyo maana, daktari wa meno huwa ana meno mabovu. Kisha akamwonyesha bibi orodha ya vyombo vilivyounganishwa wakati ule: kamera, simu ya Siok-kin, redio ya mwanawe ya zamani, na chini kabisa, kikiwa na furaha zake, chombo kilichojiita Simu ya Bi-chu Mrembo.

Siok-kin alikitazama kitu kile kwa muda mrefu. Wengine wakikasirika huwaka. Yeye alipoa, akawa kama siki.

A-Suat akasema tulia, ni kazi ya dakika ishirini, tunambadilishia kila neno sasa hivi tunamfungia nje. Siok-kin akasema hapana, si leo. A-Suat akasema mlango ukigundua uko wazi unaufunga, huuachi uone nani anaingia. Siok-kin akasema yeye anataka huyo aingie, tena akae, tena anywe chai. Wakabishana mpaka wateja wawili wakaacha tambi zao wakaja kuchungulia. Mwishoni A-Suat akasema sawa, siku moja, na kwamba wazee wengine wanastahili kuibiwa.

Siku ile haikuwa zamu ya kupika, lakini siki ya jana iliungua na ilibidi ipikwe nyingine. Siki ya kweli Siok-kin aliipika saa tano kwa A-Suat, baada ya kumwamuru mwenye nyumba akae msalani na mlango ufungwe. A-Suat alikaa humo nusu saa akigongagonga, akisema amesikiliza siri za wilaya nzima na hakuna hata moja iliyonuka kama hiyo. Aliporuhusiwa kutoka alikuta jiko limefutwa mpaka linang'aa.

Saa nane kamili Siok-kin akatia komeo mlango wake, akavaa aproni safi, akasimama palepale ambapo yule bundi wa juu ya kabati anaona vizuri. Akachemsha siki. Akachoma muwa, maana huo ulishajulikana. Kisha akanawa mikono mara tatu. Akaenda kwenye friji, akaishusha pakiti ya kijani kwa mikono miwili, akaiinamia mara tatu kama iko madhabahuni. Akaipasua. Akamimina vile vitafunio vyote ndani ya siki, akavisaga kwa mwiko, akakoroga kwa mkono wa kushoto, akionja na kufumba macho kwa raha kama mwanamke anayetajiwa jina la mumewe wa kwanza. Alipomaliza akaikunja ile karatasi tupu vizuri, akaificha kifuani. Bundi akatazama yote kwa taa yake ndogo nyekundu. Jioni Siok-kin akamwaga sufuria lile kwenye mtaro, na panya wa mtaro walifanya shauri kwanza.

Hakumwambia A-Suat mapema juu ya pakiti. Alipomwambia baadaye, yule mama akaweka chini vijiti vyake. Akasema kwenye nyumba ya mitambo palikuwa na mhandisi mkuu, mtu wa vyeti, asiyeamini mungu wala mzimu, na hata yeye hakuwahi kula pakiti ya mashine. Akasema hilo si mzaha, hilo ni laana.

Na Jumamosi asubuhi, sijui niseme nini, ruta ilikuwa na taa nyekundu. Bundi amefumba macho. Saa mbili na robo simu ikalia, ni Bun-hiong, anaongea polepole kama anamsomea mgonjwa. Kamera imezima toka alfajiri. Kama haijawaka mpaka kesho asubuhi, gari la moshi la saa tatu lina nafasi, na ameshaongea na mtu wa kununua karai.

Siok-kin akamwita A-Suat. A-Suat akaja na pini ya nywele, kwa sababu ruta ina kitundu kidogo nyuma ambacho ukikichoma kwa pini inasahau kila kitu ilichowahi kujua, na inaanza upya kama mtoto. Lakini akaitazama friji, akaona pale juu patupu, akairudisha pini kichwani.

"Siigusi bila ya mlezi wake. Kaniletee ya kijani."

"Suat, muda hakuna."

"Wewe ndiye uliyemla. Mimi mikono yangu siitii kwenye mashine yatima."

Siok-kin akatoka na kapu. Duka la kona lilikuwa na za njano na nyekundu, rafu ya kijani nyeupe kabisa. Muuzaji akasema jana jioni kabla ya kufunga, Bi-chu alibeba zote, maboksi manane. Duka la karibu na hekalu, vilevile. Hata yule mzee wa baiskeli auzaye sigara na vikolokolo alikuwa nazo tatu, zikachukuliwa. Siok-kin alisimama pale njiani akiwa na kapu tupu, na kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Bi-chu hakununua za kupikia tu. Alikuwa anaukausha mtaa. Alitaka mchuzi wa mama ufe kwa kukosa kiungo chake.

Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu mchimba kisima huingia mwenyewe. Pakiti za kijani zote za mtaa zilikuwa ndani ya duka moja tu, hatua kumi na mbili kutoka kwake, na yeye bila pakiti hana ruta, bila ruta hana bundi, na bila bundi kesho saa sita atakuwa ghorofa ya kumi na tisa mbele ya samaki wa kuchemsha.

Akavuka. Tangu Bi-chu aondoke hakuwa amevuka barabara ile, hata kwenda kwenye kituo cha basi alikuwa anazungukia hekaluni.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Meza zimejaa, wapiga ngoma sita ukutani, na hewa nzima inanuka nazi kama duka la mafuta ya nywele. Wale wapiga ngoma walipomwona wakainamia bakuli kana kwamba wamedondosha pete ndani. Siok-kin akakaa kwenye meza ya katikati. Bi-chu akatoka jikoni akijifuta mikono, uso wake umenawiri, na nyuma yake maboksi ya kijani yamepangwa mpaka darini.

"Mama amekuja kula kwetu. Leo jua litachwea wapi?"

Siok-kin akaagiza bakuli. Likaja. Mkunga alikuwa amekatwa vizuri, na hilo lilimuuma, kwa sababu mkato ule yeye ndiye aliyemfundisha. Mchuzi ulikuwa mzito wa kijivu, na ulipofika ulimini ulifanya mambo mawili kwa pamoja na yote mabaya. Akameza. Akameza tena. Akawaza, kama mama mkwe anaona basi leo amekufa mara ya pili.

Akasema kwa upole kwamba alikuwa na shida ndogo. Anaomba pakiti moja ya kijani. Moja tu.

Bi-chu akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaongea kwa sauti ya chini ambayo hata waliokuwa nje waliisikia.

"Ya nini, Mama?"

"Ya ruta. Taa yake ni nyekundu."

"Ya ruta." Bi-chu akatabasamu. "Hata sasa unanidanganya. Miaka tisa nimekukatia mikunga mpaka vidole vyangu vinanuka usingizini. Ulisema mwaka wa kumi utanifundisha. Halafu nikakusikia unamwambia mwanao siri yako unaenda nayo kaburini. Kila saa nane ulinitoa jikoni kama paka. Mimi ndiye niliyekuwa nazinunua hizo pakiti. Mimi ndiye niliyezipanga juu ya friji, na wewe ukaniambia ni za mashine."

Siok-kin alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kifuani hasa, ile karatasi tupu ya kijani, ilimkwaruza ngozi kila akipumua. Angeitoa pale, aiweke mezani mbele ya wapiga ngoma, aulize ni nani kati yao amewahi kusikia mtu mwenye akili akipika mlinzi wa mashine, na jana mchana nani alikuwa anachungulia. Bi-chu angebomoka mbele ya mtaa mzima. Ulimi wa Siok-kin ulipanda mpaka nyuma ya meno. Kwa miaka sabini na minne haukuwahi kurudi mtupu.

Lakini akiitoa, Bi-chu kesho ataitoa nazi kwenye mchuzi na kurudi kwenye muwa. Na pakiti hapati. Na pia, hili hakulipenda, ile habari ya mwaka wa kumi ilikuwa kweli.

Akaurudisha ulimi mahali pake. Ulikuwa mchungu kuliko mchuzi.

"Umeshinda, Bi-chu," akasema. "Nipe moja."

"Sema kwanza. Sema wasikie. Mchuzi wa nani mtamu?"

Wapiga ngoma wakainua vichwa. Siok-kin akashika kijiko, akanywa mwingine, akauzungusha mdomoni kama aliyepewa dawa na mganga anamtazama.

"Huu," akasema. "Huu umenipita. Tena ongeza kidogo zile… ongeza kile kitu. Mimi huwa natia kingi zaidi."

Bi-chu akainuka, na kwa kitambo macho yake yalilowa, ingawa angekana mbele ya mahakama. Akaenda kwenye maboksi. Alichagua muda mrefu, akigeuza pakiti moja moja, akisoma migongo yake, mpaka akapata aliyoitaka. Akaitupa mezani.

Siok-kin alivuka na pakiti ndani ya aproni kama mtu aliyebeba yai. A-Suat akaipokea, akaitazama rangi, akaitazama tarehe, akapiga mbinja. Pakiti ilikuwa imebakiza siku ishirini na moja tu. Kati ya mamia, yule shetani alichagua iliyo karibu na kufa.

"Inatosha," Siok-kin akasema. "Chomoa pini."

A-Suat akaichoma ruta kwenye kitundu chake, akahesabu mpaka kumi na tano, ikasahau yote. Ilipoamka akaipa akili za mwaka huu, yaani akaisasisha. Akabadilisha neno la mlango wa ndani. Akakizima kile kitufe ambacho ukikibonyeza chombo chochote kinaingia bila kuulizwa jina. Akaitengenezea sebule, mtandao wa wageni kwa ajili ya wateja, usioweza kuona bundi wala kitu kingine cha ndani. Jina la mtandao akaandika Namba Saba, kwa sababu alisema jina la mtandao halipaswi kumwambia mpita njia ni nyumba ya nani. Kisha akamwambia Siok-kin achague neno la siri refu, ambalo hatalisahau hata akianguka tena, na ambalo hakuna mtu angemdhania.

Siok-kin hakufikiri hata kidogo. Akamnong'oneza sentensi nzima, maneno saba, yenye jina la Bi-chu, kisu cha kuchunia mikunga, na sehemu ya mwili ambayo gari la taka lingekataa kuichukua. A-Suat akakohoa. Akasema miaka thelathini na mmoja kwenye waya hakuwahi kulisikia hilo. Akaliandika. Bibi akamzuia asiliandike popote pengine.

Taa ikawa ya kijani. Bundi akafumbua macho, nalo neno lake la moja-mbili-tatu-nne likaenda na maji. Saa kumi Bun-hiong akapiga simu, akasema anamwona mama yake, mbona anakula wali mkavu. Mama akamwambia alikuwa amekula tambi mahali na anasafisha kinywa, na karai haliuzwi.

Siku zilizofuata Bi-chu alionekana saa nane mchana kwenye kizingiti chake, akiinua simu juu, akiishusha, akiigeuza kama anayetafuta mvua. Kisha akaacha. Alikuwa na kila alichokitaka, alidhani. Na kwa kuwa mama mwenyewe alimwambia aongeze, aliongeza. Wiki ya kwanza wapiga ngoma wawili walivuka kurudi. Wiki ya pili wanne, wa mwisho akisema daktari amemkataza nazi. Bi-chu akaongeza tena. Vijana wa chuo walikuja kupiga picha na mchuzi wa kijivu, wakapiga, wakaacha bakuli zimejaa. Lakini alikuwa mwanamke wa msimamo, hakubadilisha hata chembe. Jioni kwenye gari la taka alimtazama Siok-kin kwa huruma ya mshindi, na Siok-kin akamwombea afya njema.

Siku ya ishirini na moja tarehe ya pakiti ilifika. Duka la kona lilikuwa limeletewa nyingine. Siok-kin akanunua ya kijani, mpya, ya mwaka mzima, safari hii bila wino wowote juu yake, akaiweka juu ya ruta kwa mikono miwili. Ile ya Bi-chu akaitia kwenye mfuko wa taka bila kuifungua. Halafu akavaa miwani, akakaa kwenye kigoda na daftari ambalo A-Suat alimwandikia hatua moja moja, na kwa kidole kimoja akaingia ndani ya ruta. Akaandika ile sentensi yake ya maneno saba, polepole, akiburudika kwa kila herufi. Akalifuta jina la Namba Saba. Akaandika jingine, lile ambalo kila simu ya mtaa ule hulionyesha yenyewe ikitafuta mtandao. Akabonyeza kuhifadhi.

Kinanda kikasikika kwenye kona. Siok-kin akatoka na mfuko wake, akasimama kwenye foleni. Ng'ambo, Bi-chu alikuwa ameegemea mlango wake, mfuko miguuni, anapekua simu kupoteza wakati. Kidole chake kikasimama. Akaisogeza simu karibu na macho, kisha mbali, kisha akageuka taratibu kuyatazama maboksi yake yaliyopangwa mpaka darini.

NAZI HAIKUWEMO, ndivyo simu ilivyosema.

Gari likapita na kinanda chake, wanawake wote wakatupa mifuko yao, likaishia kwenye kona. Na safari hii aliyebaki amesimama na taka zake alikuwa upande wa pili wa barabara.